Printa Iliyopotea Kila Radi Ilipopiga

Asubuhi ya Malangali, mtaa wa Sumbawanga, huanza na baridi. Zita alifungua duka akiwa amevaa sweta mbili na kujifunga kitenge juu yake. Mume wake, Kalisti, alifagia kibaraza. Shangazi Rozina, dada wa baba yake Kalisti, aliketi kwenye kigoda mlangoni akichambua maharage. Hakuwa na kazi yoyote dukani, lakini hakuna mteja aliyeingia bila shangazi kujua anatoka ukoo gani.

Duka lenyewe lilikuwa la steshenari. Watu walikuja kuchapa barua, kutoa kopi za vyeti na kupiga picha za pasipoti. Walikuja walimu, wakulima wa mahindi na ulezi, makatibu wa vikundi na vijana wanaoomba kazi. Ndani kulikuwa na kompyuta tatu na printa moja. Printa ilikuwa na meza yake peke yake, nayo ilifunikwa kitambaa cheupe ambacho Zita alikidarizi mwenyewe, maua mekundu kwenye pembe zote nne. Aliyesahau kuifunika jioni alisikia maneno yake.

Zamani printa hiyo ilifungwa waya kwenye kompyuta moja tu, ya Kalisti. Aliyeandika kwenye kompyuta nyingine alitia kazi yake kwenye flashi, akanyanyuka, akampelekea Kalisti. Kalisti naye aliacha kazi yake ili achape ya mwenzake. Flashi zilizunguka mchana kutwa, na zilibeba virusi kama viatu vinavyobeba matope.

Mwaka jana fundi mmoja kijana, Timoth, aliwaletea ruta. Ruta ni kile kiboksi chenye taa ndogo kinachogawa intaneti. Timoth aliunganisha kompyuta zote tatu na ruta, kisha akaunganisha na printa pia. Tangu siku hiyo kila mmoja alichapa akiwa amekaa pale pale alipo. Zita alifurahi mno. Siku ya kwanza alichapa jina lake mara tano bila sababu yoyote.

Kiangazi chote mambo yalikwenda vizuri. Kisha mvua zikaanza.

Mtu wa Ufipa hahitaji kufundishwa kuogopa radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mtaa mzima huchomoa nyaya. Hata kinyozi humwacha mteja na nusu ya kichwa. Kalisti naye alichomoa kompyuta, ruta na printa, asibakize kitu. Mvua ikikatika, alichomeka tena. Taa ziliwaka. Ruta ilipepesa kama kawaida. Lakini kompyuta ilipoambiwa ichape, ilijibu kwamba printa haipatikani. Printa ilikuwa pale mezani, inawaka, hatua tatu kutoka kwenye kompyuta.

Mara ya kwanza walimwita Timoth. Aliiongeza printa upya kwenye kompyuta, ikachapa, akaenda zake. Mvua ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Mvua ya tatu ilipokuja, Timoth alikuwa ameshuka Wampembe, kule ziwani, kufunga umeme wa jua, na simu yake ilipatikana siku moja kati ya tatu. Kalisti alikuwa ameangalia mikono ya fundi, akafanya kama alivyoona. Akaongeza printa. Radi ikapiga tena, akaongeza tena. Za zamani hakuziondoa. Mwisho wa Novemba, kila kompyuta ilionyesha printa sita zenye jina moja, na hakuna aliyejua ipi ni hai na ipi imekufa. Zita alibonyeza hii, kimya. Akabonyeza ile, kimya. Mtu akikata tamaa hubonyeza mara nyingi, naye alibonyeza mara nyingi.

Ndipo lilipotokea jambo la Mzee Cornelius.

Mzee Cornelius wa mtaa wa Izia alikuja siku moja ya mvua kuchapisha barua. Alitaka ofisi ya mtaa itengeneze bomba la maji lililovunjika. Zita aliiandika barua vizuri, akabonyeza mara saba, printa ikanyamaza mara saba. Mzee alisema hana haraka, angerudi Jumatatu. Hakurudi. Jumapili alianguka shambani, na Jumatatu walimzika.

Jumanne radi ilipiga tena. Walichomoa, walisubiri, walichomeka. Kalisti alikuwa nje. Zita alikuwa akikunja kitambaa. Hakuna aliyegusa kitu. Ghafla printa ikaunguruma yenyewe na kuanza kutoa karatasi. Zita akaokota ya kwanza. Ilikuwa barua ya Mzee Cornelius. Ikatoka ya pili, na ya tatu, hadi ya saba.

Zita alizificha barua zile kwenye mtoto wa meza, akageuza ufunguo. Shangazi Rozina aliacha kuchambua maharage.

"Hapo pana mkono wa mtu," alisema.

Hakutaja jina. Alitazama tu ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na steshenari nyingine. Mwenyewe aliitwa Atuganile, mama wa makamo kutoka Tukuyu, na mtaani walimwita mama Isakwisa kwa jina la mwanawe. Alikuwa amehamia Sumbawanga na mume wake, mtumishi wa serikali. Naye alikuwa na printa moja na kompyuta kadhaa. Naye alichomoa nyaya radi ilipopiga. Lakini mvua ilipokatika, printa yake ilifanya kazi mara moja, na wateja wa Zita walivuka barabara wakiwa na karatasi zao chini ya makoti.

Zita alijiuliza usiku na mchana. Ni radi gani hii inayochagua upande wa barabara? Hakusema kwa mdomo kwamba jirani anamroga. Alisema kwa macho. Akaacha kwenda kumwamkia asubuhi. Wakikutana kisimani alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Ubaya wa dhana ni huo. Hata kabla hujaisema, imeshakuharibia tabia.

Yote hayo yangevumilika kama si Baltazari.

Baltazari alikuwa mdogo wake Zita, wa tumbo moja. Alikuwa shemasi, na Jumamosi ya pili ya Desemba angepewa daraja la upadri katika parokia yao wenyewe. Katika ukoo wao hakujawahi kuwa na padri. Ndugu zake wengine walichanga ng'ombe na magunia ya mchele. Zita alisimama mbele ya kikao cha ukoo akasema: "Vijitabu vya misa nitatengeneza mimi. Mia nne. Kwa mikono yangu." Wazee walipiga makofi. Mama yao alilia. Tangu siku hiyo, mtaa mzima ulijua kwamba binti wa marehemu Nestory ndiye atakayechapa vitabu vya padri.

Sasa ilibaki wiki moja, na printa ilikuwa imepotea.

Kalisti alitoa wazo. Warudie njia ya zamani, waya kwenye kompyuta moja, na kazi zibebwe kwa flashi. Zita alikubali shingo upande. Nyimbo zilikuwa kwenye kompyuta ya Zita, masomo kwenye ya Kalisti, na ukurasa wa familia kwenye ile ya tatu. Flashi zikaanza kuzunguka tena. Jumatatu walichapa vijitabu sitini vya kwanza. Zita alichukua kimoja, akakifungua ukurasa wa familia, akaketi chini.

Jina la baba yake halikuwepo. Walikuwa wameliongeza Ijumaa, marehemu mzee Nestory, lakini flashi ilikuwa imebeba kazi ya Alhamisi.

Zita alilia waziwazi mbele ya wateja wawili na mwalimu. Baba yake ndiye aliyeuza mahindi ya mwaka mzima ili Baltazari aende seminari. Alikufa kabla Baltazari hajavaa kanzu. Na sasa ilikuwa kana kwamba binti yake mwenyewe amemfuta.

Jioni hiyo paroko alituma ujumbe wa upole. Kama kazi ina ugumu, wamwambie kabla ya Jumatano, ili aipeleke kwenye duka jingine mjini. Asubuhi ya Jumanne Zita alimwambia mumewe kwamba anavuka barabara.

"Kwenda kwa yule?" aliuliza shangazi.

"Mficha uchi hazai, shangazi," alijibu Zita, akaenda.

Atuganile alikuwa akipanga madaftari. Zita alisimama mlangoni. Alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, lakini barabara ni fupi na yote yalimtoka.

"Shikamoo, mama Isakwisa."

"Marahaba, mama Faith. Karibu ndani, nje baridi," alijibu Atuganile, akimwita Zita kwa jina la mwanawe.

"Kabla sijaingia nina neno. Printa yangu inapotea kila radi ikipiga. Na mimi nimekuwa nikikudhania vibaya."

Atuganile aliweka madaftari chini. Hakukasirika. "Najua," alisema. "Uliacha kunisalimia tangu mvua ya tatu. Nikamwambia mume wangu, jirani yetu ama ana msiba, ama ana printa."

Zita alicheka akiwa bado na machozi. Mama yule alifunga duka lake saa nne asubuhi, saa ya wateja wengi, akavuka naye barabara. Zita hakulisahau jambo hilo maisha yake yote.

Ndani ya duka Atuganile alifanya kitu ambacho Timoth hakuwahi kukifanya. Hakugusa chochote. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kuuliza. Printa inapotea lini? Baada ya radi tu? Siku zisizo na radi je? Mkirudisha umeme, mnawasha nini kwanza? Nani mwingine anatumia intaneti hii? Alisikiliza kila jibu mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo. Zita alimtazama akajisikia vizuri moyoni kabla hata kitu hakijatengenezwa. Kusikilizwa vile nako ni nusu ya dawa.

Kisha akamwomba Zita airudishe printa kwenye ruta na abonyeze kitufe kilichoko kwenye printa yenyewe, akishikilie kidogo. Printa ikatoa ukurasa mmoja wa habari zake. Atuganile akaonyesha mstari mmoja kwa kidole.

"Hii ndiyo anwani ya printa yako kwa leo. Mwishoni pameandikwa thelathini. Sasa tazama kwenye kompyuta. Kompyuta inaitafuta wapi?"

Zita akatazama. "Ishirini na moja."

"Wewe huwa unakwenda mnadani. Muuza vitunguu wako hukaa wapi?"

"Inategemea amefika saa ngapi. Akichelewa anakuta nafasi imechukuliwa, anatandika kwingine."

"Ukienda pale alipokaa mwezi uliopita?"

"Nitakuta muuza mitumba."

"Basi ndiyo ugonjwa wenyewe. Ruta ndiyo inayogawa nafasi. Kila chombo kikiwaka kinaiomba namba. Mkichomoa vyote, mnada umevunjika. Mkirudisha, kila kimoja kinaomba upya, na kinaweza kupewa namba nyingine. Printa ilikuwa ishirini na moja. Leo imepewa thelathini. Lakini kompyuta hazijaambiwa. Zinakwenda ishirini na moja kila siku, zinabisha hodi, hazimkuti mwenyewe."

Kalisti alikuwa amesogea karibu. Aliuliza kama kosa lilikuwa kuchomoa nyaya. Atuganile alikataa kabisa. Alisema kuchomoa ni sahihi na wasiache hata siku moja, kwa sababu radi ikipita kwenye waya inaunguza vyombo vyote na inaweza kuua mtu. Wachomoe mapema, ngurumo ikiwa bado mbali, na wasiguse nyaya radi ikiwa juu ya nyumba. Kosa si kuchomoa. Kosa ni kwamba printa haikuwa na nafasi yake ya kudumu.

"Na barua za marehemu?" Zita aliuliza kwa sauti ndogo. Alifungua mtoto wa meza, akazitoa zote saba.

Atuganile alizisoma moja baada ya nyingine, ingawa zilikuwa sawa. "Ulibonyeza mara ngapi siku ile?"

"Saba."

"Barua zilipanga foleni ndani ya kompyuta, zikisubiri printa irudi ishirini na moja. Kompyuta ikizimwa, foleni haifutiki. Jumanne ile, kwa bahati, printa ikapewa tena ishirini na moja. Kompyuta ikaiona, ikaipa mzigo wote. Hakuna aliyefufuka, mama Faith. Ni foleni tu ilisogea." Akazikunja barua polepole. "Lakini bomba la Izia bado limevunjika. Hii moja ipelekeni ofisi ya mtaa. Mzee alikuwa na haki ya kujibiwa."

Zita aliona aibu, kisha akaona nafuu. Siku zote zile alikuwa ameogopa karatasi saba za maji.

Kisha Atuganile akamwongoza kufungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta. Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Ikatokea orodha ya vyombo vyote vilivyopewa namba. Kompyuta tatu. Printa, thelathini. Na ishirini na moja, nafasi ile ya zamani ya printa, ilikuwa na mpangaji.

Zita alisoma jina mara mbili. "Ni simu," alisema. "Imeandikwa Shangazi Rozina."

Wote wakageuka mlangoni. Shangazi alikuwa na simu mapajani. Kalisti ndiye aliyemnunulia, akaiandika jina lake, akamuunganishia intaneti ya dukani ili aangalie kwaya.

"Mimi nilikuwa nasikiliza nyimbo tu," alisema shangazi.

Kalisti alikwenda nyuma ya kabati kucheka. Mkono wa mtu ulikuwa umepatikana, na ulikuwa umeshika bakuli la maharage. Lakini Atuganile hakucheka. Alimweleza shangazi kwa heshima zote kwamba simu haikuiba kitu. Ilifika mapema, ikapewa nafasi iliyokuwa wazi. Shangazi akaingia ndani na kumletea chai ya moto na viazi, ile chai ambayo huwapa wakwe tu.

Kazi yenyewe ilianza hapo. Zita alimpa Atuganile kiti cha mbele ya kompyuta, naye akakikataa.

"Kaa wewe. Mikono yangu nitaondoka nayo. Yako itabaki hapa."

Basi Zita akakaa. Jambo la kwanza, walitafuta kwenye orodha namba ndefu ya printa, ile yenye herufi na tarakimu ambayo chombo huzaliwa nayo na haibadiliki. Wakailinganisha na ile iliyochapwa kwenye karatasi, wakahakikisha ni yenyewe. Kisha Zita akaiagiza ruta kwamba chombo chenye namba hii ndefu kipewe anwani mia mbili siku zote, na chombo kingine chochote kisipewe mia mbili. Akahifadhi. Wakaizima printa na kuiwasha. Walipotoa tena ukurasa wa habari zake, anwani ilikuwa inaishia na mia mbili.

"Sasa printa ina kibanda chake mnadani," Atuganile alisema.

Halafu waliingia kwenye kompyuta. Walisafisha foleni kwanza, kazi zote za zamani zikafutwa. Wakaziondoa printa zote sita, moja moja. Zita alijisikia kama anayeng'oa magugu. Akaongeza printa moja tu, kwa anwani ya mia mbili, akachapa ukurasa wa majaribio. Ukatoka. Kompyuta ya pili aliifanya Kalisti peke yake, na mkewe akimsahihisha kila hatua kana kwamba amezaliwa fundi. Ya tatu waliifanya pamoja. Atuganile alikuwa amekaa tu, anakunywa chai.

Kabla hajaondoka aliwaachia maagizo machache. Walibadilisha neno la siri la intaneti, maana nusu ya Malangali walikuwa nalo, na simu za wateja wakaziwekea njia yao ya wageni, mbali na kompyuta za kazi. Anwani ya printa aliiandika Zita kwa kalamu nene kwenye karatasi, akaibandika ubavuni mwa printa. Umeme ukirudi, waanze na ruta, wasubiri taa zake zitulie, kisha printa, kisha kompyuta. Kitambaa kizuri kile kirudi printa ikishapoa, kwa sababu mashine ya moto inataka kupumua. Na wakibonyeza, wabonyeze mara moja. Isipochapa, waangalie foleni kwanza, wasiongeze.

"Na vijitabu vya padri," alimalizia, "viweke mahali pamoja. Fungeni kazi yote kwenye kompyuta moja, iwe nakala moja tu. Anayetaka kusahihisha asahihishe hiyo hiyo."

Zita alimuuliza alijifunzia wapi yote hayo. Atuganile alisema hakusomea popote. Mwaka wake wa kwanza Sumbawanga, printa yake ilipotea vile vile. Hakuwa na ndugu mjini wala mtu wa kumshuku. Ndiyo maana alilazimika kutafuta sababu.

Jumatano asubuhi Atuganile alipanda basi kwenda Mbeya kununua bidhaa. Zita alimpelekea paroko salamu kwamba kazi inaendelea, akaanza kuchapa. Alisoma ukurasa wa familia mara tatu kabla ya kuanza. Jina la baba lilikuwepo, kwenye mstari wake, na herufi zake zote. Kalisti alikunja, Zita akapiga pini. Kufikia saa nane mchana vilikuwa mia mbili na hamsini.

Hapo mbingu zikanguruma.

Kalisti alichomoa kompyuta, ruta na printa. Shangazi aliizima simu yake bila kuambiwa, akaiweka ndani ya bakuli la maharage. Mvua ilipiga bati saa nzima. Radi moja ilianguka karibu mpaka kioo cha kabati kikalia. Zita alikaa amekumbatia mifuko ya vijitabu, akihesabu moyoni. Bado mia moja na hamsini. Fundi yuko Wampembe. Jirani yuko Mbeya. Duka jingine litafunga saa kumi na mbili. Aliogopa kweli kweli, na aliomba.

Mvua ikakatika. Kalisti alitaka kuchomeka vyote kwa mpigo, Zita akamzuia. Alichomeka ruta. Akasubiri taa zitulie. Akawasha printa. Akawasha kompyuta yake. Alibonyeza mara moja tu, kisha akaiweka mikono yote miwili ndani ya sweta ili isibonyeze tena.

Kimya.

Shangazi alianza kufungua mdomo. Printa ikaguna, kama ifanyavyo ikipata moto, na karatasi ikaanza kutoka. Zita aliishika ikiwa bado ina joto. Kalisti alikwenda kwenye kompyuta ya pili, akachapa jalada. Likatoka. Kwenye ya tatu vilevile. Zita alimtazama mumewe, naye akamtazama, wakaendelea na kazi kama watu waliozoea. Lakini usiku ule Kalisti alimwambia mkewe kwamba anajivunia yeye, na Kalisti si mtu wa kusema maneno hayo ovyo.

Ijumaa saa tatu asubuhi vijitabu mia nne vilikuwa sakristia. Paroko alifungua kimoja, akasoma kingine, akasema ni kazi safi. Kabla ya Krismasi, parokia ilikuwa imewapa na kazi ya kalenda za jumuiya. Ofisi ya mtaa nayo ilikuwa imepokea barua ya bomba.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka nje. Mama yake Zita alikuwa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani, kijitabu wazi kwenye ukurasa wa familia tangu kabla misa haijaanza. Hakukigeuza. Atuganile alikuja pia, amevaa vizuri, akaketi ubavuni mwa Zita. Yeye alikuwa Mmoraviani, na misa ya upadri hakuwahi kuiona.

Ulifika wakati Baltazari akalala kifudifudi mbele ya altare, na kwaya ikaanzisha litania ya watakatifu. Watu mia nne waligeuza ukurasa kwa pamoja. Ulikuwa mlio mdogo tu wa karatasi, kanisa zima. Zita aliusikia, na machozi yakamtoka bila kuyazuia.

Kisha akaona jirani yake anapekua kijitabu mbele na nyuma, amepotea. Mama yule aliyejua kila namba ya ruta hakujua watu wako wapi. Zita alisogea karibu, akashika kijitabu pamoja naye, akaweka kidole kwenye mstari.

"Tuko hapa," alimnong'oneza. "Ukurasa wa kumi na nne. Wao wakitaja jina, sisi tunajibu."

"Ndaga," alijibu Atuganile kwa lugha ya kwao, kumshukuru. Jina lililofuata lilipotajwa, aliitikia pamoja na wengine.